Jinsi Arwen alivyoingia kwenye cheti

Mimba ilipofika miezi saba nilimwambia mume wangu: akizaliwa msichana, ni Arwen. Yeye hakuwa na neno. Mwenye neno alikuwa baba yake.

"Mama, hilo ni jina la mtakatifu gani?" Papa aliniuliza, sahani ya sambaza, wale samaki wadogo, magotini.

Nilijua nikibishana nimeshindwa, kwa hiyo nikamsimulia. Arwen ni binti wa watu wasiozeeka wala kufa kwa maradhi. Akampenda Aragorn, mwanadamu wa kufa, akakubali kufa ili aishi naye. Aliyemtunga, kwenye kitabu cha The Lord of the Rings, ni Tolkien, profesa wa Oxford aliyebuni lugha nzima, sauti zake akaziazima kwa Kiwelshi. Katika lugha hiyo aliyoibuni, Arwen ni mwali wa heshima. (Kitabuni haonekani sana, mapenzi yake yamesukumwa nyuma kabisa, kwenye nyongeza. Wengi walimjua kwa filamu ya 2001. Mimi nilimkuta kwenye hiyo nyongeza, kitabu hakina hata jalada.)

Nikataja kwamba kwa Kifaransa kitabu hicho kilianza kutoka mwaka 1972. Papa akaacha kutafuna. Mwaka huohuo Mobutu, rais wa Zaire, Kongo yetu ya leo, alipiga marufuku majina ya kizungu, na mwalimu wa Papa akaifuta prenomu yake, yaani jina lake la kizungu, kwenye daftari la darasa kwa wino mwekundu.

"Kumbe wenzetu walikuwa wanatunga majina, sisi tunafutiwa," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Hapo nikatoa la mwisho: watu wake walimwita pia Undómiel, nyota ya jioni.

Papa akageukia vilima vya Kabare, jua lilikuwa limeshazama. "Si ile inayotokea pale?"

"Ndiyo, Papa."

"Basi ni Nyota. Umezunguka sana, binti yangu."

Ikawa hivyo: Nyota postnom, jina linalofuata lile la ukoo, Arwen prenomu. Tulikwenda komine, ofisi ya serikali ya mtaa, kabla siku 90 za kuandikisha mtoto hazijaisha, na karani akaandika "Arouène", akaniangalia kama vile mimi ndiye niliyekosea. Ikabidi aanze cheti kingine. Ukienda na jina la namna hii, liandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi, uiweke mbele yake kabla hajashika kalamu.

Papa aliapa atamwita Nyota tu. Juzi nimemsikia uani anaita, "Aruweni! Aruweni, kuja ule bugali!"