Stika Iliyokuwa Ikibanduka Kwenye Sigara ya Kielektroniki
Stika ya urembo niliyoibandika kwenye sigara yangu ya kielektroniki ilikuwa ikiinuka konani kila baada ya siku mbili, nami nikailaumu gundi bure, kumbe kosa lilikuwa utelezi wa kimiminika cha ladha uliosalia juu ya chuma. Safari hii nilitoa kwanza betri zote mbili, kwa kuwa betri za lithiamu na joto havipatani, kisha nikakifuta kifaa kwa spiriti ya asilimia 70 na kukiacha kikauke kabisa. Nilibandika kuanzia katikati, nikisukuma viputo kwa kadi ya plastiki iliyozungushiwa kitambaa. Kwenye kona niliipasha stika kwa mashine ya kukaushia nywele hadi ikalegea, nikaishikilia mpaka ikapoa. Matundu ya hewa, ambayo hayafai kuzibwa, niliyafungua kwa wembe. Wiki ya tatu hii, haijainuka.