Meza moja, kisu kimoja, malipo mawili

Niliwahi kuwa karani wa malipo katika kiwanda kimoja cha samaki hapa Mwanza. Orodha ya vibarua ilipita mikononi mwangu kila Jumamosi, kwa hiyo mtu akiniambia wanawake wanapata kidogo kwa kuwa wanapenda kazi nyepesi, sinyamazi.

Kwenye meza ya visu walisimama wanaume. Wanawake waliwekwa meza inayofuata: kuchomoa miiba, kuondoa mafuta, kupima, kupanga minofu kwenye trei. Kutwa nzima wamesimama ndani ya gambuti kwenye sakafu yenye maji, vidole kwenye barafu hadi vinakufa ganzi. Hiyo ndiyo iliyoitwa nyepesi, na ililipwa shilingi 7,000 kwa siku. Kisu kililipwa 10,000.

Basi, msimu mmoja sangara walifurika, wakata minofu wakapungua. Dada mmoja wa Kitangiri akahamishiwa kwenye kisu. Nilimwangalia akifanya kazi: anaingiza kisu nyuma ya kichwa, anakishusha akifuata uti wa mgongo, mnofu unatoka mzima na panki, yaani mifupa inayobaki, halina nyama hata kidogo. Jumamosi ilipofika, jina lake lilikuwa bado kwenye 7,000. Nikamuuliza msimamizi. Akanijibu, "Huyo anasaidia tu." Alisaidia msimu mzima, zamu nzima, bega kwa bega na wa 10,000.

Sheria iko wazi. Katiba yetu, ibara ya 23, inampa kila mtu haki ya ujira unaolingana na kazi yake bila ubaguzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza kubagua kwa jinsia, kwa ndoa, hata kwa ujauzito, na inamtaka mwajiri ahakikishe malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Lakini kibarua anachaguliwa getini alfajiri, hana karatasi yoyote. Akihoji leo, kesho hachaguliwi. Tumbo likianza kuonekana, vilevile. Zile siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 kwa aliyejifungua mapacha, anazisikia redioni.

Dada zangu mlioko viwandani, andikeni kwenye daftari kila siku: tarehe, meza uliyosimama, saa ya kuingia na kutoka, ulicholipwa. Nendeni wengi pamoja Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, na msichelewe. Ukiachishwa kazi una siku 30 za kufungua mgogoro. Migogoro mingine, siku 60.

Na ninyi wenye viwanda, bandikeni getini malipo ya kila meza, kwa tarakimu kubwa. Atakayesimama kwenye meza hiyo alipwe hayo, awe baba au mama.