Choa kinachorudi kila mwezi

Ingia famasia ya mtaani, sema una kitu kinakuwasha kinenani. Mara nyingi utapewa tyubu ndogo na kuambiwa, "Paka hii, inatibu zote." Soma boksi. Utakuta dawa tatu ndani yake: moja ya fangasi, kwa kawaida klotrimazoli, moja ya bakteria, kama gentamisini au neomisini, na ya tatu ni steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, betamethazoni au klobetasoli. Hiyo ya tatu ndiyo inayokupa nafuu kesho yake asubuhi, na hiyo hiyo ndiyo inayofanya choa, yaani fangasi wa ngozi, kirudi.

Muwasho wa choa unatokana kwa sehemu kubwa na mwili wenyewe kupambana na fangasi. Steroidi inazima mapambano. Muwasho unakata, magamba yanapungua, mtu anaridhika na kuacha kupaka siku ya nne. Fangasi bado yupo, na sasa hana wa kumzuia. Wiki mbili baadaye anatokea tena, amesambaa zaidi, na ile duara yenye ukingo ulioinuka haionekani vizuri. Ukiona duara ndani ya duara, au choa kisicho na umbo la kueleweka, uliza kwanza kimepakwa nini. Na usitafute wekundu kama picha za mtandaoni zinavyoonyesha: kwenye ngozi nyeusi utaona kahawia iliyokolea, kijivu au zambarau iliyofifia.

Kwa choa cha mwilini tumia dawa ya fangasi peke yake. Klotrimazoli ya asilimia 1 hupakwa asubuhi na jioni kwa wiki 2 hadi 4, na unaendelea wiki moja au mbili baada ya ngozi kuonekana safi. Terbinafini ya asilimia 1 hufanya kazi haraka zaidi. Mara moja au mbili kwa siku, wiki 1 hadi 2 kwa kawaida zinatosha. Usipake katikati ya duara tu, maana fangasi walio hai zaidi wako ukingoni. Vuka ukingo kwa sentimita mbili kila upande.

Cha kinenani kina ujanja wake. Mara nyingi fangasi wametoka miguuni, kati ya vidole, na wanapanda na chupi unapoivaa. Vaa soksi kwanza, chupi baadaye. Tibu miguu na kinena kwa pamoja, na taulo la miguu lisiguse kwingine. Jikaushe kabisa kabla ya kuvaa. Krimu juu ya ngozi mbichi ndani ya jinzi ya kubana haina maisha. Wiki nne zikipita bila mabadiliko, acha kununua tyubu nyingine. Nenda hospitali wakwangue magamba kidogo na kuyatazama kwa hadubini.

Mapunye ya kichwani kwa watoto ni jambo jingine kabisa. Hapo fangasi wako ndani ya mzizi wa nywele ambako krimu haifiki, hata upake mwaka mzima. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza. Griseofulvini hupimwa kwa uzito wake na humezwa wiki 6 hadi 8, pamoja na chakula chenye mafuta, kama maziwa au karanga, kwa sababu tumbo tupu huinyonya kidogo sana. Wengi huacha nywele zikianza kuota, wiki ya tatu hivi, kisha wanalaumu dawa. Angalia na vichwa vya ndugu zake, na kwa kinyozi hakikisha meno ya mashine yanapigwa brashi na kusafishwa kwa spiriti.

Ugonjwa mwingine unaofichwa na ile tyubu ni upele. Dalili zake ni muwasho unaozidi usiku, vipele kati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni na sehemu za siri, na zaidi ya mtu mmoja nyumbani anajikuna. Steroidi inapunguza muwasho huku wadudu wakizaana kwa raha zao. Dawa inayopatikana kwa urahisi ni ile maji meupe ya benzili benzoeti ya asilimia 25. Oga jioni, jikaushe, pakaa kuanzia shingoni hadi unyayoni bila kuacha nyayo, kitovu wala chini ya kucha. Ukinawa mikono, irudie mikononi. Rudia usiku tatu mfululizo. Kwa watoto huchanganywa na maji kiasi sawa ili isiwaunguze; mtoto mchanga apelekwe kliniki, ambako mara nyingi hupewa malhamu ya salfa.

Nyumba nzima ijipake usiku ule ule, hata asiyewashwa. Dalili za mara ya kwanza huweza kuchukua wiki nne hadi sita kujitokeza, na huyo mmoja mnayemwona mzima ndiye atakayewarudishia. Mashuka na nguo zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Kisichofulika kifungwe kwenye mfuko wa plastiki kwa wiki moja. Baada ya hapo muwasho huendelea wiki mbili hadi nne, kwa sababu mabaki ya wadudu bado yako kwenye ngozi. Ukiendelea kujipaka dawa kila siku kwa hofu, utaishia na ngozi iliyoungua.

Basi steroidi ni mbaya? Hapana. Kwa pumu ya ngozi, ukurutu, ndiyo dawa yenyewe, na huko tatizo huwa kinyume: mzazi akishaogopa, anapaka kidogo hadi haifanyi kitu. Kipimo ni kidole. Kamulia mstari wa krimu kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi pingili ya kwanza. Hiyo ni nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Usoni, kwapani na kinenani itoshe steroidi hafifu, hidrokotizoni ya asilimia 1, siku chache. Kali zaidi ni za mwilini, kwa maelekezo, na klobetasoli haizidi wiki mbili mfululizo.

Lakini kazi kubwa ya kutuliza ukurutu inafanywa na mafuta. Mafuta ya mgando yasiyo na harufu yanatosha, ila kwa wingi: mtu mzima mwenye ukurutu mwili mzima humaliza gramu 250 au zaidi kwa wiki. Oga dakika 5 hadi 10 kwa maji ya uvuguvugu, bila dodoki wala sabuni ya dawa, jifute kwa kugusagusa, paka ndani ya dakika tatu. Steroidi na mafuta viachane nusu saa, la sivyo kimoja kinapunguza kingine.

Sasa kuna wanaochukua tyubu za klobetasoli na kuzikoroga na losheni. Mkorogo unang'arisha kweli, kwa muda. Kisha ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, inapata michirizi, chunusi, ndevu kwa wanawake, na ukifanyiwa upasuaji nyuzi hazishiki vizuri. Haidrokwinoni, dawa nyingine ya kung'arisha ngozi, ikitumika muda mrefu huleta madoa ya bluu-nyeusi kwenye mashavu, na mtumiaji anaongeza mkorogo ili kuyaficha. Aliyejipaka mwili mzima kwa miezi mingi asiache ghafla kivyake, maana mwili huwa umepunguza kutengeneza steroidi yake. Kizunguzungu, kutapika na uchovu ni dalili za kukimbilia hospitali.

Ngozi hiyo nyembamba huungua jua upesi, lakini hakuna anayelipa gharama ya jua kama mwenye ualbino. Losheni ya kukinga jua yenye SPF (kiwango cha kinga) 30 au zaidi, kiasi cha mistari miwili ya kidole kwa uso na shingo, irudiwe kila saa mbili. Kofia ya ukingo mpana na mikono mirefu viende pamoja nayo. Kule Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili yao. Na kidonda au gamba kwenye sikio, shingo au mdomo likimaliza wiki nne bila kupona, lisipakwe tyubu ya "inatibu zote" hata mara moja. Likatwe kipande kipimwe.