ioremap_nocache imefutwa, na ni sawa kabisa

Wiki nzima nlikuwa nahangaika na draiva ndogo ya kuwasha LED kwenye Raspberry Pi 4, nafuata mafunzo ya zamani, kila nikikompaili naambiwa ioremap_nocache (kazi ya kerneli ya Linux ya kukupa njia ya kufikia kifaa bila keshi) haijulikani, nkadhani nimesahau heda. Kumbe iliondolewa kwenye Linux 5.6, mwaka 2020.

Iko hivi. Rejista za kifaa (visehemu vya kuandikia amri na kusomea hali) zina anwani zake halisi, kwa Pi 4 zile za GPIO (pini za kuungia taa na vitufe) zinaanzia 0xFE200000 (Pi 3 ni 0x3F200000, ndo maana kodi za kukopi zinagoma). Prosesa ikishawasha MMU (kitengo chake cha kutafsiri anwani) inatumia anwani pepe tu, si zile halisi, so lazima uiombe ioremap ikupe anwani pepe inayofika pale, na keshi (kumbukumbu ya haraka ya prosesa inayotunza nakala) isiingilie kati, manake unasoma kitufe unapewa hali ya zamani wakati kidole kishaachia, au unaandika rejista afu thamani inabaki kwenye keshi na taa haiwaki.

Sasa mtu akiona ioremap na ioremap_nocache si atafikiri ya kwanza inatumia keshi? Hapana! Tangu enzi za Linux 2.6 ioremap yenyewe haina keshi. Majina mawili, kazi moja, miaka yote hiyo tunachanganywa. Yamebaki yenye tofauti ya kweli, mfano ioremap_wc inayokusanya data ya skrini iende kwa mkupuo.

Ila ninayoipenda zaidi ni devm_platform_ioremap_resource, iliingia Linux 5.1. Zamani unatafuta anwani, unaihodhi, unaita ioremap, na hatua yoyote ikifeli unarudi kinyumenyume kuachia ulivoshika, ukisahau iounmap (ya kuachia ulichopewa na ioremap) sehemu moja tu, umeharibu. Sa hivi mstari mmoja, unaipa kifaa na namba 0 (yaani eneo lake la kwanza la rejista), anwani inatoka kwenye faili la maelezo ya bodi (ile .dtb), na draiva ikitoka kerneli inasafisha yenyewe.

Nlipoijaribu kwenye GPIO ikanirudishia -EBUSY (kosa la "tayari inatumika"). Nikacheki /proc/iomem (orodha ya nani kahodhi anwani zipi), fe200000 ishahodhiwa na draiva ya pini ya kerneli yenyewe! Ioremap tupu haiulizi hilo, ingeniachia nipite tu, tukawa wawili tunaandika rejista zilezile bila kujuana. Nimefuta kodi yangu yote ya kugusa rejista, taa naiwasha kwa gpiod_set_value (kazi ya kerneli ya kuomba pini iwashwe au izimwe), hiyo draiva ya pini ndo inashika rejista peke yake.