Swali la Mwezi Ujao

Jana binti yangu aliniuliza kwa nini sisi wa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, chama cha Kikatoliki cha kuwasaidia maskini, huwatembelea wahitaji majumbani, wawili wawili, badala ya kuwaita waje kupanga foleni. Nilimsimulia habari za Frédéric Ozanam na wenzake walioanzisha chama hicho mjini Paris mwaka 1833, na za Sista Rosalie Rendu, aliyewaelekeza kwenye nyumba za maskini na kuwafundisha kuingia humo kwa heshima. Yeye aliridhika, mimi nikamkumbuka mama mmoja.

Nilikuwa mwanachama mpya, nikifuatana na mzee wa konferensi yetu, yaani kikundi chetu cha chama hicho. Mama huyo, mjane, alikuwa amelimbikiza deni la kodi ya nyumba na kupewa notisi ya kuhama. Alitupokea akiwa ameushika mlango, akauliza kwanza kama msaada wetu ungemlazimu kubadili dini.

"Hapana, mama," mzee alimjibu. "Hatukuja kwa ajili hiyo."

Ndipo akatukaribisha. Mzee alimweleza kwamba konferensi ikikubali, fedha zitalipwa moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Mama alisikiliza hadi mwisho, akaikunja notisi, akaikunja tena mpaka ikaenea kiganjani, kisha akauliza kwa upole, "Na mwezi ujao, baba?"

Hakuwa analalamika, alitaka kujua. Mzee hakutoa ahadi. Alifungua daftari, akaliandika swali lile kama lilivyotamkwa, kisha akamwuliza alifanya kazi gani kabla ya kufiwa. Tulikaa tukimsikiliza akieleza ushonaji wake, wateja aliokuwa nao, na jinsi cherehani ilivyouzwa ili mumewe atibiwe.

Deni lililipwa, na baadaye cherehani ikanunuliwa kutokana na mchango wa siri ambao wanachama hutoa mkutanoni. Kodi ikapandishwa, mama akahama, nasi tukapoteana naye.

Ozanam mwenyewe hakuishia kwenye sadaka: mwaka 1848 aliwatetea wafanyakazi katika gazeti la L'Ère nouvelle, ambalo alishiriki kulianzisha. Kwa hiyo huwa napendekeza kwamba konferensi, pamoja na kulipa madeni, izungumze na wenye nyumba na viongozi wa serikali kuhusu kodi zinazowashinda watu. Baadhi ya wenzangu, ambao nawaheshimu sana, huniambia kwamba kazi hiyo itapunguza muda wa kuwatembelea wahitaji, na bado sijapata jibu la kuwaridhisha.