Jinsi Mustang ya mwaka 1967 ilivyowaka tena Lubumbashi

Gari nililonunua lilikuwa limekaa miaka mingi chini ya mwembe, katika ua wa nyumba mojawapo ya zamani pale Makomeno, na waliouza, warithi waliochoka kulizunguka kila wanapofagia, hawakuwa na karatasi yoyote ya kueleza ni la mwaka gani. Mimi na rafiki yangu wa Kampemba, mwenye Chevrolet Camaro ya 1969, tulifungua boneti tukakwangua rangi kwenye bati la ndani la upande wa kushoto, mahali ambapo Ford walikuwa wakigonga namba ya gari. Ilianza na 7T01C. Saba ni mwaka 1967, T ni kiwanda cha Metuchen katika jimbo la New Jersey, 01 ni bodi ya paa gumu, na C ni injini ya V8 ya inchi za ujazo 289, yaani lita 4.7, yenye kabureta ya midomo miwili na nguvu za farasi 200 kwa hesabu ya kiwanda. Rafiki yangu aliisoma mara mbili, kisha akaninong'oneza, "Kaka, hili tunaondoka nalo leo leo, kabla hawajapandisha bei."

Wapo wanaosema kwamba Mustang yenye injini hiyo haistahili kuitwa gari la misuli, yaani gari la Kimarekani lenye injini kubwa ya nguvu nyingi, kwa kuwa historia ya magari hayo wao wanaianzia kwa Pontiac GTO ya 1964. Hata katika kundi letu ubishi huo hauishi, na mwenye Camaro ndiye anayeuchochea, ili tusahau kwamba gari lake bado liko juu ya matofali. Kundi lenyewe ni dogo: yeye, mimi, dada mmoja fundi umeme wa magari mwenye kibanda katika komuni ya Kenya hapa mjini, na Mzee wa Katuba, turneri (mchonga vyuma kwa mashine) mstaafu wa Gécamines, kampuni ya madini, ambaye gari lake ni Peugeot 404 wala si la Kimarekani, ila hakuna anayethubutu kumwambia hivyo.

Tulikubaliana mapema kwamba kila Jumamosi mwenye gari aje na kipande kimoja mkononi, kiwe kimekamilika au kimemshinda, na kwamba asisifiwe mtu kwa maneno ya jumla. Nadhani sharti hilo ndilo lililookoa kazi yangu. Sifa nilizipata nyingi kwa majirani, na kila niliposikia kwamba gari litapendeza nilijiona kama nimekwisha kulimaliza, nikalala wiki nzima. Mzee hakuwahi kunisifu, aliniuliza tu, "Mwanangu, leo umeleta nini?" Ni vigumu kumjibu mzee kwamba hujaleta kitu.

Kilichotaka kunivunja moyo ni kutu. Mustang za miaka ile zina sanduku la bati mbili zilizochomelewa pamoja chini ya kioo cha mbele, ambamo hewa ya kuingia ndani ya gari hupitia. Maji ya mvua huingia kwa matundu ya juu na yanapaswa kutokea pembeni, lakini majani na vumbi vikiziba njia, unyevu hubaki humo na kula shingo za matundu ya hewa, kisha maji hudondoka moja kwa moja kwenye miguu ya dereva na kuozesha sakafu. Mahali penye masika ya Novemba hadi Machi, chini ya mwembe, mtu anaweza kukisia yaliyotokea. Tulilipima kwa njia rahisi: dada alijilaza chali chini ya dashibodi na tochi, nami nikamwaga maji taratibu kwa birika juu ya matundu. Sikuwa nimemaliza hata nusu ya birika alipopiga kelele kwamba analowa shingo.

Kuponya kidonda hicho kwa haki kunataka kutoboa kila nukta ya kuchomelea ya bati la juu, kulinyanyua zima, kutengeneza shingo mpya, kisha kulirudisha. Gari hili halina chasisi ya kujitegemea, kwa hiyo kabla ya kukata sakafu tulichomelea mabomba ya kuvuka milango na kupima nafasi za milango juu na chini, maana bodi ikilegea kidogo tu milango haifungi tena. Sakafu mpya tuliikunja kwa bati la chuma la milimita 1, tukichomelea nukta moja hapa na nyingine mbali, tukisubiri bati lipoe lisije likapinda. Umeme ulipokatika tulikunja kwa nyundo.

Katikati ya kazi hiyo, bati la juu likiwa limeegemezwa ukutani na gari likiwa wazi kama samaki aliyepasuliwa, nilitangaza kwamba nauza. Mwenye Camaro hakubishana nami. Jumamosi iliyofuata alikuja na shingo mbili za matundu ya hewa alizotengenezewa na Mzee, kwa vipimo ambavyo walivichukua nilipokuwa kazini, akaziweka juu ya meza, akauliza mashine ya kuchomelea iko wapi. Huwezi kumuuzia mtu gari ambalo wenzako wamekwisha kulichongea vyuma.

Injini ilikuwa rahisi zaidi kuliko nilivyoogopa, ukiacha jambo la spana. Bolti za Kimarekani ni za inchi, na gereji zetu zimezoea Toyota: bolti inayotaka spana ya 9/16 ni milimita 14.3 hivi, kwa hiyo ya 14 haiingii na ya 15 inakula pembe. Seti ya inchi tuliagiza pamoja na vipuri vingine, vikapitia bandari ya Dar es Salaam hadi mpakani Kasumbalesa, na kuhusu gharama za njiani sitaki kusema zaidi. Mzee alichonga vichwa vya injini na kuingiza viti vya chuma kigumu kwenye valvu za kutolea moshi, kwa sababu injini hizi zilibuniwa wakati petroli ilikuwa na madini ya risasi yaliyolinda viti hivyo, na petroli hiyo iliondolewa katika nchi zetu kufikia mwanzo wa 2006.

Dada aliandika kwa chaki ukutani mpangilio wa kuwaka wa silinda, 1-5-4-2-6-3-7-8, akaweka platini, vidole vinavyokata na kuunganisha umeme wa plagi, kwenye nafasi ya milimita 0.43 kwa kipimo chenye majani membamba ya chuma, akatukataza kugusa. Iliwaka, ikatoa moshi mweusi. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi, hivyo kabureta iliyopimwa kwa mji wa pwani humwaga petroli nyingi mno. Tulipoweka jeti ndogo zaidi, yaani vijitundu vya kupitishia petroli, plagi zilianza kutoka na rangi ya kahawia, dalili kwamba petroli inaungua vizuri.

Sasa linakwenda Kipushi na kurudi, ingawa breki zake za ngoma zinataka dereva mwenye subira. Seti ya spana za inchi imehamia Kampemba. Camaro, tofauti na Mustang, ina fremu ndogo ya mbele iliyofungwa kwa bolti kwenye bodi. Mafuta ya kulegeza kutu tumeyamwaga tangu juzi, na Jumamosi hii mimi ndiye nitakayemuuliza mwenyewe ameleta nini.