Majibu ya vinasaba yasiyoeleweka ukiwa mjamzito ughaibuni

Dada zangu mlioko huku nje, kabla hujalia juu ya karatasi ya kliniki, angalia inasema lipi kati ya haya: jibu halikupatikana, uwezekano ni mkubwa, au limeonekana badiliko la jeni lisilojulikana maana yake. Watu huyachanganya, na kila moja lina njia yake.

Kipimo cha damu ya mama, kinachofanywa kuanzia wiki ya 10, husoma vipande vya DNA vinavyotoka kwenye kondo la nyuma. Kwa kawaida ni kama asilimia 10 ya DNA inayoelea katika damu hiyo. Vikipungua chini ya asilimia 4 hivi, maabara nyingi hazitoi jibu. Huenda damu ilitolewa mapema mno, mama ana uzito mkubwa, au anachoma heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Mara nyingi wakirudia jibu linatoka. Likikosekana tena, omba ultrasaundi ya kina na mshauri wa vinasaba, maana baadhi ya matatizo ya kromosomu ndiyo yanayopunguza vipande hivyo.

"Uwezekano mkubwa" si uthibitisho. Chukua wajawazito 10,000, tuseme 10 kati yao wamebeba mtoto mwenye hali ya Down, yaani ana kromosomu 21 ya ziada. Kipimo kizuri kitawapata karibu wote. Lakini kikikosea mara 1 tu kwa kila 1,000 wasio na tatizo, kitawatia hofu wengine 10 bure. Yaani nusu ya walioitwa hawana kitu. Umri wa mama ukipanda jibu huwa na uzito zaidi. Kwa kromosomu 13, kromosomu za jinsia na vipande vidogo vya kromosomu vilivyokatika, uzito hupungua. Muulize daktari: kwa umri wangu, jibu hili lina asilimia ngapi ya kuwa kweli? Akupe namba.

Kuthibitisha ni kwa kuchukua kipande cha kondo, wiki ya 11 hadi 14, au maji ya uzazi kuanzia wiki ya 15. Kondo linaweza kuwa na seli zenye kasoro ilhali mtoto hana, ndiyo maana wengi hushauriwa kusubiri maji. Huvutwa mililita 15 hadi 20 kwa sindano inayoongozwa na ultrasaundi. Hatari ya mimba kuharibika ni chini ya asilimia 1. Kama damu yako ni Rh hasi, wakumbushe sindano ya anti-D, inayozuia mwili wako kutengeneza kinga dhidi ya damu ya mtoto. Jibu la awali huja kwa siku chache, kamili huchukua wiki mbili au zaidi.

Jibu la tatu, badiliko la jeni lisilojulikana maana yake, ndilo linalotugusa sisi hasa. Maabara hulinganisha jeni za mtoto na hazina za data zilizojaa watu wenye asili ya Ulaya. Waafrika ndio wenye tofauti nyingi zaidi za vinasaba duniani, lakini humo tumo wachache, hivyo badiliko la kawaida kabisa kwetu laweza kuonekana geni kwao. Andikeni kwenye fomu asili ya mama na ya baba, kisha wote wawili mpimwe. Likipatikana kwa mzazi mwenye afya, mara nyingi wasiwasi hupungua, ingawa si daima. Lisipopatikana kwa yeyote, hupewa uzito zaidi. Baba akiwa nchi nyingine, ulizeni mapema kama sampuli yake itapokelewa. Na kama kuna shaka yoyote kuhusu baba ni nani, mwambie mshauri mkiwa wawili tu, kwa sababu kipimo hiki kinaweza kulifichua. Ulizeni pia kama maabara italitazama upya baadaye: mabadiliko mengi yanayopangwa upya huishia kuonekana hayana madhara.

Omba mkalimani wa hospitali hata kama lugha yao unaizungumza kazini. Asiwe mume wala mtoto wako. Mtu anayekupenda huyalainisha maneno makali. Chukua nakala ya ripoti yenye jina la jeni. Uliza pia sheria ya nchi uliyopo inakupa hadi wiki ya ngapi kuamua kuhusu mimba, ili vipimo visikupitishe muda, uwe na msimamo wowote ule.

Ukiwaambia wa nyumbani, mteue mmoja, dada au shangazi mwenye kifua cha kutunza siri, umpe tarehe ya jibu linalofuata. Simu za wengine azipokee yeye.